Visigino vinamuuma binti yangu wa jimnastiki, na mimi nilimwambia avumilie

Dada mshauri, salamu kutoka Umoja.

Nauza vipuri vya magari katika barabara ya Kirinyaga, na kwa miaka mitatu sasa jioni zangu nne za wiki huishia kwenye ukumbi wa mazoezi upande wa Kasarani. Kifungua mimba wangu, msichana wa miaka 10 aliye Gredi ya 5, anacheza jimnastiki. Hakusukumwa na mtu. Alianza kwa kupiga samasoti kwenye rundo la mchanga wa ujenzi nyuma ya ploti yetu, hadi jirani akaniambia huyu mtoto mpeleke mahali pa kufundishwa kabla hajavunja shingo.

Tangu muhula huu uanze, visigino vinamuuma. Kwanza kilikuwa cha kulia, sasa ni vyote viwili. Mazoezini huanza vizuri, lakini wakishaanza kuruka namwona anatua kwa ncha za vidole, na tukishuka matatu anachechemea hadi nyumbani. Tunaishi orofa ya nne. Wiki iliyopita alipanda akishika ukuta, akafika ngazi ya tatu, akakaa hapo akalia.

Nina la kuungama. Mwezi wa kwanza nilidhani anadeka. Kisigino hakikuvimba, hakikuwa chekundu, na asubuhi aliamka akikimbia kama kawaida. Kocha alisema maumivu ni sehemu ya mchezo, nami nikamwambia binti yangu mvumilivu hula mbivu. Mama yake sasa hataki kusikia habari za jimnastiki. Nyanya yake alimkanda visigino kwa mafuta moto siku tatu mfululizo, mtoto akazidi kulia. Kisha zahanati moja hapa mtaani ilimpiga eksirei, wakatuambia mfupa wa kisigino umepasuka na kipande kimeanza kutengana, kwa hiyo afungwe plasta miguu yote miwili kwa wiki sita. Bei waliyotaja ilinifanya niombe muda wa kufikiri. Picha ninayo.

Ana mashindano likizo ya Agosti. Naomba unisaidie. Mfupa umevunjika kweli? Aache mchezo? Na je, nimemuumiza kwa kumwambia avumilie? Yeye mwenyewe ameniomba niandike swali lake hapa: "Nikipumzika, nitasahau samasoti ya nyuma?"

Baba wa watatu, Umoja

*

Baba wa watatu, nashukuru umeandika, na nashukuru zaidi kwamba hukuficha sehemu inayokuuma wewe.

Nianze na swali lako la tatu, maana ndilo lililonigusa kuliko mengine. Hukumharibu mtoto. Maumivu ya namna unayoeleza hayaachi kilema, hata yakipuuzwa miezi kadhaa. Lakini yalikuwa maumivu ya kweli tangu siku ya kwanza, na nadhani anastahili kusikia hivyo kutoka kwako, kwa maneno yako, kabla ya kusikia habari za barafu au raba. Nimetibu viungo vya watoto katika jiji hili kwa miaka mingi, na watoto wa michezo hawanidanganyi kwamba wanaumwa. Wakidanganya, husema hawaumwi, kwa sababu wanaogopa kuzuiwa kucheza. Mtoto anayependa samasoti kama wako akikaa kwenye ngazi na kulia, ujue amekwisha kuvumilia sana.

Sasa kisigino chenyewe. Mfupa wa kisigino cha mtoto si kitu kimoja. Nyuma yake, pale kano nene ya Achilles inaposhika, kuna kipande ambacho huanza kama gegedu laini na kugeuka mfupa polepole. Kati ya kipande hicho na mfupa mkubwa kuna tabaka la ukuaji, nalo ni miongoni mwa sehemu dhaifu katika mguu wa mtoto wa umri wake. Kwa wasichana wengi tabaka hilo hufunga wakiwa na miaka kama 13 hadi 15, na wavulana hukawia kidogo. Likishafunga, hadithi yote hii imekwisha.

Kabla halijafunga, linavutwa huku na huku. Juu, misuli ya shavu la mguu inavuta kisigino kupitia kano kila mtoto anapojisukuma kuruka. Chini, sakafu inakipiga kila anapotua. Na katika miezi ya kurefuka haraka, mfupa wa mguu unatangulia, misuli inachelewa kufuata, kwa hiyo inakaza kama kamba ya nguo iliyofungwa kwenye nguzo mbili zinazosogezwa mbali. Hukuniambia kama binti yako amerefuka karibuni, lakini ningependa uangalie urefu wa sketi yake ya shule. Wasichana wengi huanza kurefuka haraka karibu na umri huo, na katika kilele chake mtoto huongezeka kama sentimita 8 kwa mwaka.

Daktari wa mifupa wa Boston, James Warren Sever, aliandika kuhusu hali hii mwaka 1912, na hadi leo vitabu huiita ugonjwa wa Sever. Jina hilo huwatisha wazazi bure. Si ugonjwa wa kuambukiza wala wa kurithi, wala hauozeshi mfupa. Ni tabaka linalokua, limechoshwa na kazi. Wachezaji wa kandanda wanaupata, wakimbiaji wanaupata, ila jimnastiki ina lake la ziada: mchezo huu huchezwa miguu mitupu. Mkimbiaji ana soli chini yake. Binti yako hana chochote kati ya kisigino na mkeka, na akipiga samasoti ikapungua kidogo, akatua kabla hajamaliza kuzunguka, visigino hufika chini kwa nguvu inayopita uzito wake mara kadhaa. Mwili mzima unaegemea nyuma, kano inavuta juu, sakafu inasukuma, vyote kwa nukta moja.

Kwa hiyo, je, umevunjika? Siwezi kusoma picha ambayo sijaiona, na sitajifanya naweza. Lakini nina jambo ambalo ningependa kila mzazi ajue kabla ya kukubali plasta. Katika eksirei ya mtoto mwenye afya kamili wa umri huo, kile kipande cha nyuma huonekana kimeachana na mfupa. Huonekana cheupe kuliko mfupa wenyewe. Mara nyingi huonekana kimegawanyika vipande viwili au vitatu. Huo ndio muundo wake wa kawaida, na mtu asiyezoea picha za watoto huweza kuona ufa mahali ambapo hakuna ufa. Maumivu yaliyokuja polepole, bila kuanguka, visigino vyote viwili, yanayozidi akiruka na kutulia akilala: hayo hayafanani na mfupa uliovunjika. Chukua ile picha, mpeleke binti kliniki ya mifupa au idara ya fiziotherapia ya hospitali kubwa. Kutoka Umoja, Mama Lucy Kibaki ndiyo iliyo karibu. Waombe wamwangalie mtoto kwanza, halafu picha.

Kuna kipimo ambacho mtaalamu atafanya, nawe unaweza kukiona kwa macho yako. Atashika kisigino kwa kiganja na kukibana taratibu kutoka pande mbili, kushoto na kulia, kwa nyuma. Mtoto mwenye tatizo hili huruka pale pale. Kisha atamwambia asimame kwa ncha za vidole, na atapima kama mguu unakunjika kwenye kifundo kuelekea juu au misuli imekaza. Mara nyingi hapo panatosha, hata bila eksirei. Plasta si tiba ya kawaida ya hali hii. Wachache sana, wale ambao hawawezi kutembea bila maumivu makali, huvalishwa buti la kutuliza mguu kwa muda mfupi, na hilo huamuliwa baada ya njia nyingine kushindwa.

Nisipotaja yafuatayo nitakuwa nimekukosea. Maumivu yanayomwamsha usiku, homa, kisigino kilichovimba au chenye joto na wekundu, maumivu yaliyoanza ghafla baada ya kuanguka, kisigino kimoja tu kinachozidi kila wiki hata akipumzika, au mtoto kushindwa kabisa kukanyaga: hayo si ya kusubiri. Na kama katika familia kuna selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, mtoto mwenye hali hiyo akipata maumivu ya mfupa pamoja na homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana maambukizi ya mfupa huwapata kwa urahisi zaidi. Kwa maelezo yako sioni hata moja la haya kwa binti yako.

Sasa tuje ukumbini, maana huko ndiko binti atakakopona au kuendelea kuumwa. Mkeo anataka aache, kocha anataka aendelee, na wote wawili wanazungumza kana kwamba jimnastiki ni kitu kimoja. Sivyo. Jimnastiki ya binti yako ina mambo mengi ambayo kisigino hakihusiki nayo hata kidogo. Vyuma vya kuning'inia havimgusi kisigino, ili mradi akimaliza ashuke taratibu badala ya kuruka chini. Kusimama kwa mikono hakumgusi. Mazoezi ya tumbo, mgongo na mabega, kunyoosha nyonga, kutembea kwenye boriti ile nyembamba bila kuruka, vyote anaweza. Kinachomuumiza ni kukimbilia meza ya kuruka, samasoti za sakafuni, na kutua kutoka juu.

Nakuomba ufanye jambo moja jioni moja. Kaa kwenye benchi na daftari la duka, uhesabu. Kila visigino vyake vinapotua kutoka hewani, piga mstari. Wazazi waliowahi kunifanyia hivi walishangaa kwa wingi wa ile mistari, na makocha walishangaa zaidi, kwa sababu kocha huhesabu mizunguko, hahesabu kutua. Mtoto anaambiwa "rudia mara kumi," lakini ndani ya kila mzunguko kuna kuruka kwa kupasha moto, kuna jaribio lililoharibika, kuna kurukaruka kwa furaha akisubiri zamu.

Ukishapata hesabu yako, mwendee kocha kwa heshima, usiende kugombana. Mwambie kwa wiki mbili hadi nne asiruke wala kutua kutoka juu, lakini atakuja kila siku na atafanya yote mengine. Kocha mzuri atafurahi, kwa kuwa mtoto aliyelazimishwa kuacha kuruka hurudi na mabega na tumbo lenye nguvu kuliko wenzake. Baada ya hapo mnarudisha kidogo kidogo: kwanza kutua kwenye godoro laini nene, mara chache, siku moja akiruka na siku inayofuata asiruke. Kisha mkeka wa kawaida. Meza ya kuruka iwe ya mwisho kabisa.

Mfundishe kupima maumivu kwa namba, sifuri hadi kumi. Hadi tatu, aendelee na umtazame. Ikipita tatu, au akianza kuchechemea hata kama anasema ni mbili, siku hiyo kuruka kumekwisha. Kuchechemea ndiko kunakosema kweli kuliko namba, maana mtoto anayechechemea anabadilisha namna ya kutua na ataumiza goti au kifundo. Na kesho yake asubuhi muulize tena. Maumivu yakiwa zaidi ya jana, mlizidisha.

Nyumbani, mambo ni madogo lakini ndiyo yanayojaza siku. Asitembee miguu mitupu kwenye saruji na vigae; avae ndara nene au raba tangu anapoamka. Viatu vyeusi vya shule vina soli ngumu iliyo bapa, na mtoto huvivaa kwa muda wa saa nane au tisa kila siku, akiruka kamba navyo wakati wa mapumziko. Ndani ya kila kiatu mwekee kipande cha kuinua kisigino, kama nusu sentimita hadi sentimita moja, ili kano isivutwe sana. Vinauzwa vya silikoni, lakini fundi wa viatu wa mtaani anaweza kukata kutoka kisigino cha patipati iliyochakaa na kuchonga ukingo wa mbele ushuke taratibu. Usitumie sponji, inabonyea ndani ya wiki. Weka miguu yote miwili hata siku ambayo kimoja hakiumi, asije akatembea upande. Kwa ukumbini kuna vikombe vya kisigino vilivyoshonwa ndani ya soksi fupi ya kubana isiyofunika vidole, navyo huvaliwa bila kiatu. Kama mtaalamu wenu wa fiziotherapia anavyo, vitamfaa. Kama hana, msisimame kwa ajili hiyo.

Baada ya mazoezi, barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15. Chupa ya maji ya nusu lita iliyogandishwa inatosha, aiweke chini ya kisigino akifanya kazi yake ya shule. Kama hamna friji, beseni la maji ya bomba la mwezi wa Julai hapa Nairobi lina baridi ya kutosha. Mwambie nyanya, kwa upole na shukrani, kwamba mafuta moto na kubonyeza kisigino chenyewe kunachokoza tabaka lililochoka. Ila mikono yake bado inahitajika: akande shavu la mguu, juu kabisa, taratibu, mtoto akiwa amelala kifudifudi. Huko ndiko kulikokaza.

Kunyoosha ni mara mbili kwa siku. Asimame akiukabili ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, goti limenyooka, asogee mbele hadi asikie mvuto kwenye shavu la mguu. Sekunde 30, mara tatu. Kisha arudie goti likiwa limekunjwa kidogo. Afanyie sakafuni palipo sawa, si kwenye ukingo wa ngazi huku kisigino kikining'inia, kama nilivyoona wengine wakifundishwa. Akisikia maumivu kwenye kisigino chenyewe, alegeze, na yakibaki aache hadi maumivu yapungue.

Dawa sina mengi. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, siku mbaya, baada ya kumuuliza mfamasia. Asipewe kabla ya mazoezi ili aweze kuruka. Hapo mnazima kengele na moto unaendelea. Msinunue vidonge vikali vya maumivu vya watu wazima dukani. Aspirini mtoto hapewi. Na mtu yeyote akitaka kumdunga sindano ya steroidi kwenye kisigino, kataa. Dawa za maji za kalsiamu hazitibu jambo hili pia, okoa pesa hizo ununue omena na maziwa, maana mtoto anayekua na kufanya mazoezi siku nne anahitaji sahani iliyojaa. Ukisikia mtu yeyote ukumbini akimwambia apunguze uzito ili visigino vipone, simama kati yao.

Itachukua muda gani? Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache mizigo ikipunguzwa, wengine miezi miwili au mitatu. Na yaweza kurudi akirefuka tena, hadi siku lile tabaka litakapofunga. Kwa hiyo piga mstari wa penseli kwenye fremu ya mlango kila tarehe moja. Mwezi ambao mstari umepanda sana, punguza kutua kabla visigino havijalalamika.

Agosti sasa. Kama angekuwa wangu, ningemruhusu aende na vyuma, na boriti ikiwa haina kuruka. Sakafu na meza ya kuruka ningeziacha, isipokuwa awe ametua kwenye mkeka wa kawaida wiki mbili bila kuchechemea. Najua kocha ana orodha yake. Lakini ana miaka 10, na mashindano ya likizo yatakuja tena.

Hii ya mwisho mpe asome mwenyewe.

Mwanangu, hapana, hutaisahau. Mwili uliojifunza samasoti ya nyuma haupotezi kwa wiki nne. Siku ya kurudi itakuwa na uoga kidogo, ndiyo maana utaanza na godoro laini na kocha akiwa kando. Kabla ya siku hiyo, fanya kipimo hiki ukiwa na raba zako: ruka kwa mguu mmoja mara kumi, halafu mwingine mara kumi. Ukiweza bila maumivu, leo na kesho yake pia, mwambie Baba aandike tarehe pale kwenye fremu ya mlango, kando ya mstari wa urefu wako, mumpelekee kocha.